Mama hajui kusoma lakini hakosi maktaba, wivu ukanipeleka kuchungulia

Wakuu, heshima kwenu. Naweka hapa jambo langu bila kutia chumvi, wa kucheka acheke.

Naishi Katandala, hapa Sumbawanga mjini, na mama yangu mzazi. Baba alipofariki nilimtoa kijijini Mpui nikamleta kwangu. Mama hajakaa darasani hata siku moja.

Sasa mwaka huu kaanza kwenda maktaba. Kila wiki. Anajifunga kitenge kipya, anapanda boda, huyoo.

Nikaulizia. Kumbe kuna mkutubi mpya, dada mmoja wa Mbeya. Watu siku hizi wanasoma kwenye simu, viti vimebaki vitupu, ndo akabuni kuwarekodi wazee wakielezea maisha ya zamani kwa Kifipa. Wanafunzi wanaenda kusikiliza kwenye kompyuta.

Nikasema poa. Moyoni haikuwa poa hata kidogo.

Maana mama alianza kumwita yule dada "mwanangu". Ule unga wa ulezi anaoletewa kutoka Mpui, ule wenyewe, ukawa unafungwa kwenye mfuko unapelekwa maktaba. Mimi niliyetoka tumboni mwake nakula sembe ya dukani!

Wivu ulinishika haswa. Mtu mzima na ndevu zangu.

Jioni moja nikamwomba anisimulie na mimi. Hakuinua hata macho kwenye ungo wa maharage.

"Nimeshasema, baba. Nenda kasikilize maktaba."

Iliniuma sana. Kesho yake nikaenda nimejaa, nimepanga kumuuliza yule dada anamtakia nini mama yangu.

Dada akaniamkia shikamoo, akanionyesha benchi. Kulikuwa na wanafunzi mbele yangu, wanasubiri kusikiliza rekodi ya mama huyohuyo. Wakuu, nikakaa foleni kumsikia mama yangu mwenyewe.

Zamu yangu ikafika, nikavaa headphone. Mama anaeleza walivyolima ulezi na baba, wanafukia nyasi kwenye matuta ziozee humo, mbolea ya dukani hawaijui. Kifipa kingine kilinipita, nakiri.

Mwishoni mwa rekodi yule dada akamuuliza kwa Kiswahili kwa nini hamwambii mwanawe. Mama akacheka kidogo.

"Kila nikianza, simu yake inalia. Naweka hapa. Nikishaondoka atayakuta."

Nikavua headphone. Yale maneno niliyoyapanga sikuyasema tena.

Nyumbani nikazima simu, nikakaa karibu na mama. Akanisogezea ungo, tukachambua maharage, na baada ya muda akaanza kusimulia.

Funzo: nilidhani maktaba zinakufa kwa sababu vitabu havina wasomaji. Hii ya kwetu inamtunza mama yangu, tena ilianza kabla sijashtuka.

Yule dada bado namwonea wivu, sifichi. Kamsikia kabla yangu.

Haya, wenye wazazi hai karibuni mchangie. Wa kwako anamsimulia nani?