Waya wa Simu wa Nyanchwa

Ofisi yangu ya Kisii mjini iliponiruhusu kufanyia kazi nyumbani, nilirudi kuishi na mama kwetu Nyanchwa, na hapo ndipo suala la intaneti lilipozuka. Kampuni moja ilisema ingeipitisha kwenye waya uleule wa simu yetu ya mezani. Nyingine ilikuwa ikileta kebo mpya juu ya nguzo, yenye kasi zaidi. Mimi nilitaka kebo. Mama alitaka waya.

"Huo waya baba yako aliuhangaikia," alisema akichambua mboga za chinsaga. "Kuna ubaya gani ukitumika?"

Sikubishana. Utotoni mwangu simu yetu ilikuwa ya majirani wote. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa alichofuma mama mwenyewe. Ikilia, baba alinyoosha shati kwanza, ndipo akainua. Mara nyingi aliyetafutwa alikuwa jirani, nasi watoto tulikimbia kupitia migombani kumwita, mpigaji akiahidi kupiga tena baadaye. Jirani alifika akihema, mikono bado ina udongo wa shamba, akazungumza kwa sauti ya kufika Nairobi bila simu. Mama aliwapikia chai. Wengine waliambulia chai tu, maana simu haikulia tena.

Kisha kaka yangu mkubwa akaenda kusoma ng'ambo, simu ikawa yake. Alipiga kila Jumamosi, Sabato ilipokwisha. Baba alipofariki alipiga akalia, lakini hakuweza kuja. Baada ya hapo simu zake zikapungua, halafu zikakoma. Sisi tukanunua simu za mkononi. Ile ya mezani ilibaki juu ya kitambaa chake, na kila Ijumaa mama aliipangusa vumbi. Nilielewa. Ndiyo nambari pekee ya nyumbani ambayo kaka alikuwa nayo kichwani.

Fundi wa simu alikuja Jumatano asubuhi kupima. Alifuata waya hadi barabarani, akarudi taratibu.

"Mama, huu waya umekatika kule chini," alisema. "Inaonekana ni miaka mingi."

Mimi nilijua. Niliwahi kuinua mkono wa ile simu nikasikia kimya, nikaurudisha bila kumwambia mtu. Sasa niliogopa kumtazama mama.

"Najua, mwanangu," alimjibu fundi. Kisha akanigeukia. "Nilidhani wewe hujui. Sikutaka ukate tamaa kuhusu kaka yako."

Nilipomwambia kwamba nami nilikuwa nikimficha, alicheka, halafu akajifuta macho kwa leso.

Kebo ilifungwa wiki hiyohiyo. Jioni ya kwanza mama alivuta kiti karibu nami. "Hii kitu inaweza kutafuta mtu?"

Tuliandika majina yote matatu ya kaka. Baada ya kupitia nyuso nyingi tukakuta mwanamume mwenye upara na masikio ya baba kabisa. Nilimwandikia mistari miwili. Siku ya nne alijibu kwa lugha yetu ya Ekegusii, iliyoandikwa kwa makosa ya mtu aliyekaa mbali nayo muda mrefu. Aliuliza kama mama yupo, na kama atakubali kuongea naye.

Mama alikaa mbele ya kompyuta akiwa amevaa nguo ya kanisani. Uso wa kaka ulipotokea, mama aliinama karibu na kioo.

"Umekonda," alisema, ingawa hakuwa amekonda hata kidogo.