Nyumba ya Himbi Isiyo na Aneksi

Kila asubuhi nikifungua bomba na maji ya moto yakatoka, dhamiri hunisuta. Tunaishi Himbi, mtaa wa wakubwa hapa Goma, upande wa ziwa, penye kuta za mawe meusi ya volkano na mageti yanayofunguliwa na walinzi waliovaa viatu vizuri kuliko walimu walionifundisha kule Walikale. Nilikozaliwa, msituni, nyumba ilikuwa mahali pa kukimbilia mvua ikinyesha. Hapa nyumba ni ya kuonekana. Nami naipenda, nisiwadanganye.

Tulipokuwa tunaitafuta, mke wangu alikuwa na ombi moja tu. Mama yake alikuwa amekimbia vita huko Kashuga, Masisi, akaacha mashamba yake yote ya maharage, akawa anaishi kambini Lushebere, chini ya hema. Mke wangu alitaka nyumba yenye aneksi, yaani kile kijumba cha uani chenye mlango wake, ili mama aje akae nasi. Hakuhitaji kunieleza kwa nini aneksi. Kwao Masisi na kwetu Walikale, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hatushikani mikono, hatuli tukitazamana, na tukikutana njiani mmoja hupinda pembeni. Kulala nyumba moja ni kuvunja haya, jambo ambalo watu wangelisimulia mpaka kwa wajukuu.

Komisioneri, dalali wetu wa nyumba, alikuwa mtu wa kuongea bila kumeza mate. Kila nyumba kwake ilikuwa ya mwisho, na nje ya kila geti kulikuwa na mzungu anayeitaka kuliko sisi. Alituonyesha nyumba mbili zilizotufaa. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, dari lake lina madoa, lakini uani kulikuwa na aneksi ya vyumba viwili, bomba lake na mlimau mlangoni. Mke wangu aliingia mle ndani akakaa muda mrefu. Nilimsikia akifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

Ya pili haikuwa na aneksi. Ilikuwa na karo nyeupe, vigae vya sakafuni, kila chumba, baraza linalotazama ziwa na vyumba vingi vya kulala. Mwenye nyumba alisema anapenda wapangaji watulivu, wasio na ukoo mrefu. Nilisikia maneno hayo nikafurahi kama mtoto aliyepewa sukari. Mimi nimelelewa tukilala wengi kwenye mkeka mmoja, mguu wa mtu mdomoni mwangu. Nilijua akija mama, atafuata shangazi, na shangazi atakuja na watu wake. Nilitaka kukaa barazani jioni bila mtu kuniambia nani amekufa na nani anaumwa. Basi nikaanza kuisema vibaya nyumba ya kwanza: vumbi la barabara, dari, unyevu.

Mke wangu aliniuliza, "Na Mama?"

Nikamjibu kwamba tungemtafutia mahali. Hakubisha. Angebishana na mimi vipi? Sikuwa nimemkataa mama yake. Nilikuwa nimechagua nyumba, basi, na mila ndiyo iliyomkataa. Hiyo ndiyo hila yangu, na nilipoona imefaulu bila mtu kunilaumu, niliona aibu hata kumtazama mke wangu alipokuwa akipanga vyombo jikoni. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mimi nimefanana na watu wa Himbi, ila sijamfaa mtu.

Mahali pa mama sikupatafuta. Mwanzoni mke wangu alinikumbusha, halafu akaacha. Habari zilizotoka kambini ndizo zilizonimaliza. Tuliambiwa kwamba mama mkwe ananisifu mbele ya wanawake wa kanisa. Kwamba mkwe wake, hata baada ya kuwa mtu wa ofisi, hajasahau haya, ndiyo maana hamwiti nyumbani kwake ovyo ovyo. Kama angenitukana, ningepata pa kujitetea.

Mtoto wetu alipobatizwa, alikuja. Alitoka Lushebere kwa pikipiki, kisha kwa gari, na kikapu cha maharage mapajani. Maharage yenyewe ndiyo ujira wake wa kulima shamba la watu. Alipofika alikataa kuingia ndani kwa kuwa mimi nilikuwamo. Akakaa kwenye kibanda cha mlinzi getini, akambeba mjukuu wake pale, akala pale. Mlinzi alimpisha kiti chake akasimama juani. Mimi nilikuwa barazani na ziwa langu, wala sikuliona.

Jioni, kabla ya kwenda kulala kwa mama mmoja wa kanisa kule mtaa wa Majengo, alimtuma binti yake aniite. Nilishuka. Mke wangu alisimama kati yetu, kama inavyotakiwa, na mama mkwe akanipa bega, macho yake ukutani.

"Mukwe wangu," alisema, "kule kambini tunalalaka na bakwe betu mu hema moja. Siku tulikimbia, nani alikuwa na fasi ya kuchagua? Batu bakubwa banasema ile haya ilishaisha, Mungu anaelewa. Mimi sina nayo tena. Lakini nilisema, labda wewe ungali unaishika, siwezi kukuvunjia heshima yako. Niambie tu."

Mke wangu aligeuka akanitazama. Sikuwa nimemwona akinitazama hivyo tangu siku ya nyumba mbili. Ilinitosha kusema hapana. Neno moja, na mama angelala kitandani usiku uleule, kwenye chumba ambacho hakina mtu. Lakini kusema hapana ilikuwa kukiri mbele yao wote wawili kwamba sikuwahi kuwa na heshima yoyote, nilikuwa na baraza tu.

"Njo vile, Mama," nilisema. "Ningali ninaishika."

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mama mkwe alinibariki, akasema vijana wenye adabu kama mimi wamebaki wachache, kisha akamwomba binti yake kikapu kitupu ili aondoke kabla giza halijaingia.