Siku Rwankuba Alipoingia kwenye Ukoo

Mpaka leo nikipita pale senta ya Keza hakosi mtu wa kuniuliza, "Bibi Paskazia, shikamoo, mababu hawajambo?" na mimi inabidi nicheke haraka kabla hawajanicheka wao, kwa hiyo nimeona bora aibu hii niiandike mwenyewe kuliko kumwachia shemeji yangu Laurenti, ambaye kila akiisimulia ananiongezea uongo ambao sikuusema (na ule niliousema ulitosha kabisa).

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwandishi. Haya, chekeni mmalize. Shule nilifika darasa la tatu tu, kwa mwalimu Rafaeli, lakini daftari ninazo kumi na moja na zote zimejaa majitu, falme za chini ya mito na ndege wanaotawala watu. Naandika mchana nikishainjika maharage, maana maharage hayana haraka na jitu nalo halina haraka, ila siku nyingine jitu linanoga mno, maharage yanaungua, na mjukuu wangu Editha akitoka shambani anajua kwa harufu tu kazi yangu imeendaje. "Bibi, leo yameungua hasa," anasema, "hebu nisomee."

Shida ya watu wa daftarini ni kwamba ukiwakaribisha hawaondoki. Nilikuwa na mmoja, Rwankuba, jitu linalopanda kiboko kwenye mto Ruvubu na kuweka radi ndani ya kibuyu, huyo nilipalilia naye, nilikwenda naye kanisani, na nikikuta mgomba umeangushwa na upepo nilimwambia moyoni, "Wewe Rwankuba, angalia unapokanyaga."

La pili mjue kwamba mimi sisahau jina la mtu. Watoto wote niliobatizwa nao siku moja nawataja, na mbuzi wa marehemu mume wangu Deogratias nawataja pia, kuanzia Kasirika hadi Mama Upole. Ndiyo maana ukoo wa mume wangu, ambao kwa desturi husemwa na wanaume wenyewe, wenye nao wanakuja kuniuliza mimi niliyeolewa tu.

Basi wakaja wageni kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo, kujitambulisha na kumtaka Editha kwa kijana wao Faustini, fundi pikipiki, kijana mpole mwenye mikono isiyokosa grisi hata siku ya sherehe. Na kwetu, kabla neno la ndoa halijatamkwa, kila upande unataja mababu zake, kuanzia mtoto kwenda juu, ijulikane kama damu zilikutana huko nyuma, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wapendane vipi, hata wali uwe umeshaiva.

Jana yake Editha aliniuliza, "Bibi, mababu umewapitia?"

"Mababu wamehamia wapi mpaka niwapitie?" nikamjibu, kisha nikakaa kuandika, kwa sababu Rwankuba alikuwa amepoteza kibuyu chake na mimi nilikuwa sijui kiko wapi. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Yote yaliyofuata yametoka hapo.

Asubuhi Laurenti, ambaye kwa desturi ndiye angesema na mimi nikimkumbusha tu, akaamka shavu limevimba kama kiazi, jino. "Shemeji, utasema wewe," akaniambia kwa upande mmoja wa mdomo. Wageni wakafika, tukawaweka kivulini, mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukawekwa katikati na mirija yake, tukasalimiana sana, na mzee wao, Mzee Balthazari, baba yake Faustini, akavua kofia akasema, "Tunasikia, mama."

Nikasimama. Kitenge kipya, kifua mbele. "Editha ni wa Yustini. Yustini ni wa Deogratias. Deogratias ni wa Mathiasi. Mathiasi ni wa Kagoma. Kagoma ni wa..."

Hakuna kitu. Ndugu zangu, kichwani palikuwa peupe kama daftari jipya! Mimi, Paskazia, ninayemjua mbuzi kwa jina! Watu wote wananitazama, Laurenti ananitazama na shavu lake, na badala ya kusema "limenitoka" (neno moja tu, lisingeniua), mdomo ukafunguka wenyewe ukachukua jina lililokuwa karibu.

"...wa Rwankuba," nikasema.

Nyuma yangu nikasikia Editha amepaliwa na mate.

Lingeishia hapo lisingekuwa na madhara. Lakini Mzee Balthazari ni mtu ambaye hapendi kuambiwa kitu asichokijua, nadhani mmeshakutana naye wa kwenu. Akapiga goti lake kwa furaha. "Rwankuba! Yule mwenye kidole cha sita?"

Nami, badala ya kukanusha, nikasema, "Huyohuyo."

"Namjua! Alivuka mto akaja kwetu, akafia Nyamigogo. Kaburi lake baba alikuwa akinipeleka nikiwa mdogo. Mama, sisi sote hapa ni wajukuu wa Rwankuba!"

Akanyanyuka anikumbatie. Tukakumbatiana. Katikati ya kukumbatiana ndipo nikaona Laurenti anauachia mrija wake polepole.

"Kumbe ninyi ni ndugu zetu," akasema.

"Ndugu kabisa!" akasema Mzee Balthazari.

"Basi hakuna ndoa."

Mzee Balthazari alibaki amenishika mabega, mdomo wazi, na Faustini akawa anaitazama mikono yake kana kwamba grisi ile ndiyo imeleta balaa. Editha nilishindwa kumwangalia.

"Labda walikuwepo akina Rwankuba wawili," nikajaribu.

"Mmoja tu," akasema Mzee Balthazari kwa huzuni, maana naye sasa alikuwa amejifungia mlango kwa ndani. "Mwenye kidole cha sita."

Laurenti akaanza kusema wageni wale chakula, tuachane kwa heri kama ndugu. Hapo Editha akaingia ndani, akarudi na daftari la saba, lile lenye doa la maharage, akaliweka mikononi mwangu. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Bibi, wasomee."

Nikamwangalia usoni. Mtoto niliyemlea tangu anatambaa, na kama nisingesoma angempoteza Faustini kwa sababu ya jitu. Nikavaa miwani. Nikasoma: "Rwankuba alimpanda kiboko wake, akafungua kibuyu, radi ikatoka ikapiga chafya." Nikasoma na pale anapooa mke wa jiwe. Nikafunga. "Huyu ndiye Rwankuba. Nimemtunga mwenyewe. Babu halisi jina lake limenitoka, nikaona haya."

Aliyecheka wa kwanza ni mama yake Faustini. Alianza polepole, kisha akashika tumbo, akamgeukia mumewe. "Baba Faustini! Na lile kaburi? Baba yako alikuwa akikupeleka na nani, na kiboko?"

Mzee Balthazari akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Kisha akanitazama. "Mama," akasema, "tusilaumiane. Wewe ulimzaa, mimi nikamzika tu."

Uwanja wote ulilipuka. Laurenti alicheka akishikilia shavu, analia kwa jino na kwa kicheko, lakini hakusahau kazi. "Ninyi mwiko wenu ni nini?" akauliza, maana kwetu kila ukoo una mnyama wake usiomla. "Hatuli kondoo," wakajibu. "Sisi kondoo tunamla, hatugusi mbawala." Koo mbili tofauti kabisa, miiko mbalimbali, mababu mbalimbali, na Editha baadaye akaolewa, na siku ile ya utambulisho wali haukubaki hata punje. Wageni waliondoka jua lingali juu, na gari lao halijafika barabarani mimi nikapiga kelele, "Misigaro! Kagoma ni wa Misigaro!" Nikawakimbilia na kitenge changu kipya niwaambie, nao wakapiga honi.

Tangu hapo nimeapa, jina likinitoka nasema limenitoka, na kabla ya shughuli yoyote daftari nazifungia kabatini, ufunguo nampa Laurenti. Uandishi sijaacha, msije mkadhani. Hata kile kidole cha sita nimemwekea Rwankuba, kwa sababu kilikuwa kizuri na mwenyewe hakukidai.

Ila mwaka huu Editha amejifungua mtoto wa kiume, na kumpa jina mtoto ni haki ya baba mkwe wake. Nilikwenda Nyamigogo na mkungu wangu wa ndizi, nikamkuta Mzee Balthazari amempakata, anahesabu vidole vyake kimoja kimoja, vilikuwa vitano vitano, akaonekana amesikitika kidogo.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

Akaniangalia chini ya kofia yake. Yeye aliyejiita mjukuu wa Rwankuba mbele ya watu wote, sasa Rwankuba ndiye mjukuu wake.