Kitambaa Changu na Wimbo wa Mlatvia

Nilikuwa mhudumu wa wagonjwa katika hospitali moja ya Jette, hapa Brussels. Nilipewa Mlatvia mmoja, mwimbaji wa pop-rock. Kwao alijaza viwanja, halafu televisheni ikamchukua, akaigiza tamthilia miaka mingi, mara daktari, mara mwizi. "Maman, mimi nimeshakufa mara nne," alinitania kwa Kifaransa chake cha kuvunjika. Nilimwambia aache upuuzi, amalize supu. Kila nilipomfuta uso baada ya kula, alijua tumemaliza, ajilaze.

Bon, safari hii haikuwa tamthilia. Saratani ilikuwa kooni. Kesho yake wangempasua, na sauti ingeondoka pamoja na ugonjwa.

Alikuwa na binti mmoja, mtafsiri hapa Brussels. Binti alimnunia tangu utotoni, maana kila sikukuu yake ya kuzaliwa baba alikuwa jukwaani kwa watu wengine. Mzee alimtungia wimbo wa kumwomba msamaha, lakini hakuwahi kumwimbia. Alasiri ile, siku moja kabla ya upasuaji, binti akaja, akasimama mlangoni na koti lake mwilini. Mzee akakaa kitandani, akaanza kuuimba.

Jamani, sauti ile! Ilikwaruza, lakini ilijaa chumba kizima. Jasho likamtiririka. Na sisi watu wa Bukavu, mwimbaji akikugusa moyo hukai tu: unainuka, unamfuta jasho, naye anapandisha zaidi. Kanisani tunafanya hivyo, harusini pia. Nikatoa kitambaa changu, nikamfuta paji la uso.

Akanyamaza.

Nikamwashiria, "Endelea, papa, endelea!" Akajaribu, kikohozi kikamshika, na hakikumwachia mpaka nesi akaingia, akamkataza kabisa. Nilipogeuka, binti alikuwa ameshavua koti, amekaa kwenye kiti, anangoja.

Baada ya upasuaji mzee alizungumza kwa kuandika kwenye kibao. Binti alikuja kila siku. Siku moja akamwuliza wimbo ule ulikuwa unaishaje. Mzee akamwandikia. Binti akasoma, akakiweka kibao kifuani.

"Nilitaka kuusikia, papa," akasema.

Mzee akachezesha midomo, akauimba wote mpaka mwisho, bila chochote kutoka. Halafu akaniandikia mimi: "Uliponifuta, nilidhani umesema basi." Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa, sikujali.

Jumapili, kanisani kwetu Ixelles, mwimbaji akianza kutoka jasho, wamama wanainuka na vitambaa vyao. Mimi changu nakikalia.