Libao Lililotoka Majini

Kwetu fundi wa bwato, mashua ya mbao, njo anavuka nayo ziwa wa kwanza. Anakaa chini kabisa, kati ya mizigo, mwenye bwato anamuona. Karatasi ya garanti hakuna. Garanti ni matako ya fundi.

Baba alinifundishaka kazi kule Kilwa, upande wa Congo, mbele ya vita kutuleta huku Nchelenge, ng'ambo ya ziwa. Masomo sikupata mingi. Nilifika darasa ya tatu, mwalimu akakimbia na muke wa mutu, lakini ile si habari ya leo. Baba alichongaka na tezo, na alirambaka libao mupya kujua kama limekauka. Tanga tulishonaka na mifuko ya unga. Leo mulombwa, muti wa mbao za bwato, iko mbali sana porini, na batu wengi wanatia motere nyuma. Bwato ya tanga wanaiita ya bazee.

Basi mama mumoja, mujane, muuza samaki, akakuja kwangu. Petroli ilimushinda, alitaka bwato ya tanga ya kwenda Kilwa na kurudi. Mbao zilitosha, kasoro moja tu, ya chini, karibu na mugongo wa bwato.

Nilitafuta wiki mbili. Kisha upande wa Puta nikakuta libao kwenye muchanga, mulombwa safi, na matundu manne ya misumari. Kila mutu wa ziwa anajua libao kama lile linatoka wapi. Bwato ilivunjika mahali, na batu walikuwa ndani. Baba alikatazaka hata kulikalia. Mi nikalibeba kwa kichwa mpaka nyumbani. Nikaziba matundu na vijiti, pamba na lami, nikapaka rangi ya bluu.

Mama akatazama, akasema: "Papa fundi, mbao zote zinafanana kama mapacha!"

Nikafurahi. Ubaya wangu njo ule: nilifurahi.

Tukavuka watu watatu: mama, shemeji yake mushika tanga, na mimi chini. Asubuhi maji yalilala. Tulipofika katikati, upepo ukageuka, ukatoka upande wa Congo, na nikasikia baridi chini ya mguu. Kijiti kimoja kilichomoka. Nikaweka kisigino pale.

"Papa fundi, simama uone milima ya kwetu!"

"Niliishaionaka, mama. Haijahama."

"Umezeeka wewe!"

"Nimezeeka, mama."

Shemeji akaona maji yanapanda, akachukua kopo. "Mbao mupya zinakunywa," akasema. "Zikishiba zitafunga. Si njo vile, fundi?"

"Njo vile," nikajibu.

Kijiti cha pili kikatoka. Nikaweka kisigino cha pili. Matundu yalikuwa manne, na miguu niko nayo mbili. Ili mama asitazame chini, nikamupigia hadithi za kule Mofwe, za mbuzi aliyekula kofia ya pasta siku ya ubatizo. Akacheka mpaka machozi. Mawimbi yakaanza kuingia juu ya ukingo, shemeji akazidi kuteka na kopo, mi nikaongeza hadithi. Sijue nilisema nini tena. Miguu ilikufa ganzi.

Tulifika Kilwa saa ya chakula. Bamama ba kanisa walikuwa wanangoja pale na mizigo, wanataka kwenda ndoa huku Nchelenge.

"Pandeni!" mama akawaita. "Bwato mupya, ya kwangu mwenyewe!"

Mumoja, mutoto mugongoni, alikuwa tayari ameingia majini mpaka magoti.

"Mama," nikasema, "bamama basipande."

"Juu ya nini?"

Nikaondoa miguu. Maji yakaruka. Mama mwenye bwato akainama, akatazama matundu manne kwenye mustari mumoja. Ni mutoto wa ziwa. Hakuuliza libao lilitoka wapi. Aliuliza moja tu:

"Tulipokuwa katikati, ulijua?"

"Nilijua."

Afazali angenitukana. Alichukua kapu lake, akaenda na wale bamama kwenye bwato ingine, ya motere, iliyokuwa inatoka saa ile ile sababu mawingu yalikuwa yanakuja. Shemeji akawafuata. Walijaa mule mpaka ukingo ukabakia kidole tatu juu ya maji.

Nikabaki na nyundo, nikiwatazama mpaka wakakuwa kadoa. Mbao za ile bwato ya motere, hakuna aliyemuuliza mwenye bwato alizitoa wapi.