Bahasha Ndani ya Kiondo

Harufu ya mkonge mpya ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa mstari wa mbele kwenye mkutano wa wadi hapa Kitengela, binti yangu mgongoni, homa yake ikinichoma kupitia leso niliyombebea, wakati diwani wetu alipoinua kiondo kipya kabisa, kikapu cha mkonge, na kukitikisa mbele ya pua zetu.

"Mnasema nimehongwa," alisema, akicheka. "Mimi sifichi. Yule bwana anayetaka kile kiwanja cha zahanati aliniletea bahasha ndani ya kiondo hiki. Sikuomba. Sasa mtu akikuletea zawadi nyumbani kwako, utamwambia arudi nayo? Hiyo ni mila ya wapi?"

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi. Nimevumilia mengi mimi. Nimevumilia kuona kile kiwanja kikikaa tupu tangu nikiwa mtoto, mbuzi wakilala pale ambapo zahanati ingekuwa, nasi tukibeba watoto wagonjwa kwa pikipiki hadi mji wa pili. Lakini kicheko kile hapana. Nilishtukia nimesimama.

"Inarudishwa, Mheshimiwa! Nimeiona ikirudishwa kwa macho yangu. Na ilikuwa ya kiwanja hicho hicho!"

"Mama, keti, utaamsha mtoto," akanijibu, na watu wakacheka tena.

Mama mmoja muuza maziwa, Mmaasai, akanivuta leso kidogo. "Yeiyo, mama, usiketi," akasema.

Sikuketi. Lakini pale hakukuwa na nafasi ya kueleza, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Kwa hivyo wacha niwaeleze nyinyi.

Mama yangu alikuwa diwani. Mwanamke pekee kwenye baraza lao, na wengi walidhani ataketi tu kimya kama pambo. Nilikuwa na miaka kumi alipojifungua ndugu yangu, na siku ya nne wanawake wa kanisa wakaja kumwona mtoto. Kwetu hawaji mikono mitupu. Kila mmoja huja na kiondo: unga, sabuni, ndizi, maziwa. Viondo vinapelekwa jikoni na mtu wa nyumba anavitoa, yaani anaondoa vyote vilivyomo, kisha kila kiondo kinatiwa kitu kidogo cha kurudi nacho, sukari au mkate. Kiondo kikishatolewa, umepokea, mambo yamekwisha. Kumrudishia mgeni alicholeta ni tusi, ni kama kumwambia mtoto wako hamtaki.

Siku hiyo shosho, nyanya yangu, alinipa mimi kazi ya kutoa. Nilijiona mkubwa! Jikoni kulinuka ndizi mbivu na moshi wa chai, na sebuleni wanawake walikuwa wakiimba mpaka mabati yakiitikia. "Toa kila kitu, Wairimu," shosho aliniambia. "Usiache hata punje, watasema tunadharau."

Basi nikatoa. Kiondo cha Mama Wanja kilikuwa kizito na kipya, kinanuka mkonge. Mama Wanja alikuwa mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, sauti ya kwanza ya kwaya, na aliwahi kunishonea gauni la Krismasi. Chini ya unga nikakuta bahasha ya kaki, nene, imefungwa kwa mpira. Sikujiuliza kitu. Niliambiwa nitoe kila kitu. Nikaiweka juu ya kabati kando ya sabuni, nikatia sukari na mkate ndani ya kiondo, nikampelekea mwenyewe.

Alinishika shavu. "Umetoa vyote?"

"Vyote, tata," nikasema, kama tunavyowaita shangazi.

"Msichana mzuri." Akainuka mara moja, ati mvua inakuja. Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

Shosho alipoiona bahasha, uso wake ulipauka kama jivu. Alinishika mkono na kunivuta hadi chumbani kwa mama. Mama alikuwa ameegemea mto, mtoto akinyonya. Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwogopa. Sikujua kwamba Alhamisi baraza lingepiga kura kuamua kama kiwanja cha zahanati kipewe mume wa Mama Wanja ajenge bohari. Sikujua kwamba kura zilikuwa zimelingana, na kwamba iliyobaki ilikuwa ya mama.

"Iache kwanza," shosho alinong'ona. "Wairimu ataipeleka kesho dukani, polepole, hakuna atakayejua. Usimwaibishe mwenzako mbele ya kanisa."

Mama alimpa shosho mtoto, akashuka kitandani, akashika ukuta. Alikuwa bado na nyuzi za kushonwa alipojifungua. Alitembea hatua kwa hatua hadi sebuleni, bahasha mkononi, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Mama Wanja, ngoja kidogo. Unga nimeshukuru. Sabuni nimeshukuru. Hii siwezi."

Mama Wanja alikuwa tayari mlangoni. Alicheka. "Ai, Mama Wairimu! Hiyo ni ya maziwa ya mtoto tu."

"Mtoto ananyonya."

"Basi ya kwako wewe, upate supu. Na si binti yako ameshatoa? Kikishatolewa kimepokelewa. Ama siku hizi madiwani hawana mila?"

Wanawake waliinamisha macho. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeuma kidole, nikingoja mama aseme kosa ni langu.

"Binti yangu ako na miaka kumi," mama alisema. "Hapigi kura Alhamisi."

Mama alivuka sebule, akaitia bahasha ndani ya kiondo juu ya ule mkate, na kusema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Nyinyi wote mmeona anaondoka nayo." Mama Wanja alitoka bila kuaga. Wengine nao wakaanza kukumbuka watoto wao na kuku wao, na chai ya sufuria nzima ikapoa.

Alhamisi mama alienda barazani Kajiado kupiga kura akiwa amekalia mto. Kiwanja kikabaki cha umma. Lakini kanisani benchi letu likawa pana sana. Uchaguzi uliofuata mama alishindwa vibaya, wakimwita mwanamke asiye na shukrani, na zahanati aliyoilinda hakuna aliyekuja kuijenga. Miaka mingi niliamini mimi ndiye niliyemharibia, kwa kutoa kiondo ambacho sikupaswa kukitoa. Sikuwahi kumuuliza. Kila nikimwona akishona nguo za watu ili tulipiwe karo ya sekondari, nililimeza swali hilo.

Nilikuja kumwelewa juzi, nimesimama pale mkutanoni nikichekwa. Angesikia ya shosho, ningebeba ile bahasha hadi dukani, ingefika, na Mama Wanja angeendelea kusema diwani alikula. Nani angembishia? Mtoto wa miaka kumi? Mama alikataa mbele ya watu kwa sababu watu ndio wenye kiwanja. Aibu ile aliichukua yote yeye, ndiyo maana hata siku moja hakunigombeza.

Kwa hivyo jana nilimwacha binti yangu kwa mama, homa imeshuka, nikaenda Kajiado kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya rushwa. Dada wa mapokezi alinipa fomu. "Sehemu ya jina unaweza kuiacha," akaniambia chini chini. "Wengi huacha." Nikaijaza hiyo kwanza, majina yangu yote matatu, pamoja na namba ya kitambulisho. Halafu nikaandika:

"Mimi ni mkazi na mpiga kura wa wadi hii. Ninamlalamikia diwani wetu. Alikiri kwa mdomo wake, katika mkutano wa hadhara, kwamba alipokea bahasha kutoka kwa mtu anayetaka kiwanja cha zahanati, na yeye diwani atapiga kura juu ya kiwanja hicho. Mashahidi ni sisi tuliokuwepo, pamoja na wale waliocheka. Ninaomba achunguzwe, na asipige kura hiyo. Ninaomba kiwanja kisiguswe hadi uchunguzi uishe. Sitaki kuitwa pembeni wala kupigiwa simu. Nijibiwe kwa maandishi, na jibu libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya wadi, kila mtu alisome."