Mwanangu Amevuta Waya Mpaka Sebuleni, Yeye Amebaki Chumbani

Admin, jina langu lifiche kabisa, Lindi hii tunajuana mpaka kwa kikohozi. Na ninyi mtakaoniamkia, marahaba wanangu. Nina miaka sitini na mbili, mjane, naishi na mwanangu wa mwisho. Aliachana na mkewe huko Dar, akarudi kwangu na begi moja na kompyuta kubwa ya kuchezea magemu, inawaka taa rangi rangi kama ukumbi wa harusi.

Si mlevi, si mwizi, Alhamdulillahi. Lakini akishakula anaingia chumba cha uani, anafunga mlango, anavaa hedifoni. Namsikia anacheka na wenzake walioko mbali: "Oya, nifuate huku!" Mimi nipo sebuleni peke yangu. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, hilo gemu si ulilete huku kwenye runinga kubwa, na mimi nikuone?" Akashangaa. "Kumbe unapenda, mama? Basi nitavuta waya." Nilifurahi mno. Nikafua vitambaa vya makochi, nikakaanga mihogo.

Alitoboa ukuta, akapitisha waya mrefu juu ya mlango wa jikoni hadi nyuma ya runinga. Picha ikaja, mtu anakimbia porini na bunduki. Nikageuka nimwonyeshe pa kukaa, hayupo. Nikamfuata chumbani. "Padi haishiki kutoka huko, mama," akasema, akanionyesha kidude alichoshika mikononi. "Ukuta unazuia. Wewe angalia tu, picha si unaipata?"

Basi ndiyo maisha yangu. Nakaa na sahani yangu ya mihogo namtazama yule mtu. Akikimbia, najua mwanangu ana furaha. Akisimama tu, najua ameenda kuoga au anaongea na simu. Naona haya kusema, lakini siku hizi namsalimia yule mtu wa kwenye runinga.

Kinachoniuma zaidi, haya niliyaona utotoni. Wakati wa ujamaa tulihamishiwa kijiji kipya upande wa Rutamba, nyumba zimepangwa mstari. Baba alikuwa na wake wawili, mama yangu nyumba ya mwanzo, mke mdogo nyumba ya mwisho. Redio ilikuwa moja, ikakaa kwa mke mdogo. Ili asionekane anapendelea, baba alichomoa spika ya redio nyingine iliyokwisha kufa, akaitundika kwetu, akavuta waya juu ya miti hadi kule. Tukawa tunasikia habari na ngoma kama wao. Ila zamu za mama zikaanza kupungua, na alipolalamika baba akamjibu, "Bi mkubwa, taarifa ya habari tunaisikiliza wote. Nimekudhulumu nini?" Redio ikizimwa, mama alijua wenzake wamelala.

Alasiri moja mama akaukata ule waya kwa kisu cha mihogo. Baba akaja mwenyewe, akauunga, akaomba maji, akakaa kibarazani akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Mama aliimba jioni nzima. Akaukata tena, baba akaja tena. Mara ya tatu akamtuma baba mdogo, na baba mwenyewe hatukumwona mpaka msimu wa korosho ulipoisha.

Kumwambia mwanangu waziwazi nashindwa. Mtu ametoka kuachwa, ukimsukuma sana anaweza kuondoka kabisa. Waya wake unapita juu ya mlango wa jikoni, mkono wangu unaufikia, na kisu ninacho. Nikiukata najua atatoka, atakaa hapa sebuleni japo kwa muda wa kutafuta palipokatika. Mihogo ataikuta ya moto. Lakini mafundi wamejaa mtaani, na mimi namjua babu yake.

Nipeni shauri, wanangu. Niukate, au niendelee kumsalimia mtu wa kwenye runinga?